Leseni ya Mhudumu wa Mifugo ni ya Mwaka Mmoja: Mambo Ambayo Mfugaji Anafaa Kujua

Katika vijiji vya Kisii na Nyamira, kila anayeshuka kwenye bodaboda akiwa na mabuti ya mpira na mkoba wa sindano huitwa daktari. Ni jina la heshima, na anayeitika wito saa nane za usiku ng'ombe aliposhindwa kuzaa anastahili heshima hiyo. Hata hivyo, sheria haiwaweki wote katika kapu moja. Tofauti hiyo inamhusu mfugaji moja kwa moja kwa sababu yeye ndiye anayelipa, ng'ombe wake ndiye anayepona au kufa, na watoto wake ndio wanaokunywa maziwa.

Daktari wa mifugo ni mtu aliyesomea shahada ya udaktari wa mifugo katika chuo kikuu, masomo yanayochukua miaka mitano. Wengi wanaofika bomani si hao. Ni wahudumu wa afya ya mifugo, waliopata cheti au stashahada katika vyuo kama AHITI Kabete, AHITI Nyahururu na AHITI Ndomba, au vyuo vingine vinavyotambuliwa. Hawa ndio wanaochanja, wanaotibu homa zinazoletwa na kupe na wanaopandisha ng'ombe kwa mbegu. Baadhi yao, wakiwa wamepata mafunzo ya ziada ya ukaguzi, hupiga muhuri nyama katika vichinjio. Bila wao, mfugaji mwenye ng'ombe wawili kule Magombo au Nyamarambe asingepata huduma kwa wakati.

Sheria ya mwaka 2011 inayosimamia madaktari wa mifugo na wahudumu wasaidizi iliwaleta wote chini ya Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, inayojulikana kwa kifupi kama KVB. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mtu haruhusiwi kutibu mifugo ya wengine kwa malipo kama hayumo katika daftari la Bodi. Lakini kuingizwa katika daftari ni hatua ya kwanza tu. Leseni ya kufanya kazi hutolewa upya kila mwaka, na anayeiomba hutakiwa kuonyesha kwamba ameendelea kusoma tangu alipotoka chuoni. Masomo hayo huitwa mafunzo endelevu ya kitaaluma, na huhesabiwa kwa alama.

Kwa hiyo kile cheti cha chuo kilichowekwa kwenye fremu ukutani mwa agroveti kinathibitisha kwamba mtu alisoma. Hakisemi alisoma lini mara ya mwisho.

Wakazi wengi huuliza kwa nini serikali ya kaunti isitoe leseni hizo yenyewe, ilhali ndiyo inayoajiri maafisa wa mifugo na kuendesha chanjo. Jibu liko katika Katiba ya 2010. Jedwali la Nne linazipa kaunti kazi ya kudhibiti magonjwa ya mimea na wanyama pamoja na kusimamia vichinjio vya kaunti. Linazipa pia huduma za mifugo, na huduma hizo zimeorodheshwa chini ya afya ya kaunti, jambo ambalo watu wachache hulitambua. Maneno yanayofuata hapo yanaondoa usimamizi wa taaluma yenyewe. Hivyo kaunti inaweza kumwajiri mhudumu, kumpa pikipiki na kumpangia wadi ya kufanyia kazi, lakini anayeamua kama anafaa kushika sindano ni Bodi. Afisa wa kaunti naye hana msamaha. Anahitaji leseni ya mwaka kama mhudumu wa kujitegemea.

Magonjwa yanayohama na yanayozimika

Mtu anaweza kudhani kwamba ng'ombe ni yule yule, kupe ni yule yule, na aliyejua kutibu mwaka 1995 anajua kutibu leo. Historia ya karibuni hapa Kenya inaonyesha vinginevyo.

Mfano ulio wazi ni sotoka. Kwa vizazi kadhaa kila mhudumu wa mifugo nchini alifundishwa kuchanja dhidi ya ugonjwa huo, na chanjo iliyosaidia kuumaliza ilitokana na kazi ya Walter Plowright na wenzake pale Muguga, nje kidogo ya Nairobi. Sotoka ilithibitishwa nchini Kenya kwa mara ya mwisho mwaka 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Meru. Mwaka 2011 ulimwengu ulitangazwa kuwa huru kutokana nayo. Chanjo ambayo zamani ilikuwa wajibu haitumiki tena. Lakini mwaka 2006, kabla hata ya tangazo hilo, ugonjwa mwingine wa jamii hiyo hiyo, sotoka ya mbuzi na kondoo, ulikuwa umethibitishwa Turkana. Mhudumu aliyemaliza chuo mwaka 2000 na hakufungua kitabu tena alijifunza kupambana na ugonjwa ambao haupo, na hakufundishwa kuutambua ule ambao unaweza kuingia sokoni leo na mbuzi wa kununuliwa.

Katika nyanda hizi za juu, hata hivyo, ugonjwa unaomaliza ng'ombe wa maziwa kuliko watu wanavyofikiri ni ndigana kali, inayoletwa na kupe wa masikio mwenye rangi ya kahawia. Ng'ombe wa kigeni na machotara, ambao ndio wengi kuanzia mashamba ya skimu ya Borabu hadi vishamba vidogo vya Marani, huwa hawana kinga ya asili ya kutosha. Hapa ndipo tofauti kati ya mhudumu anayeendelea kusoma na anayekisia huonekana kwa macho.

Ndigana kali na ndigana baridi zote huletwa na kupe, na zote huanza na homa na kukataa malisho. Ndigana kali huvimbisha tezi zilizo chini ya sikio na mbele ya bega, kisha ng'ombe hukohoa na kupumua kwa shida, na mwishowe povu hutoka puani. Ndigana baridi humwacha ng'ombe na ufizi uliopauka na kinyesi kikavu. Sindano ya oksitetrasaiklini, ile ya manjano inayouzwa kila mahali, hutibu ndigana baridi. Ndigana kali haitibiwi nayo. Inahitaji dawa yake, kama buparvakwoni, ambayo ni ghali zaidi na hufanya kazi vizuri ikiwa itadungwa mapema. Mhudumu anayedunga sindano ya manjano kwa kila homa atasifiwa pale ugonjwa ulipokuwa ndigana baridi. Ikiwa ni ndigana kali, mfugaji atakuwa amepoteza siku mbili au tatu ambazo ndizo zingemwokoa ng'ombe.

Njia ya uhakika ni kuchukua maji ya tezi au tone la damu, kuyapaka kwenye kioo na kuyapima kwa hadubini. Kazi hiyo hufundishwa chuoni, lakini mkono usioizoea huisahau. Kwa visa vigumu, sampuli hupelekwa katika maabara ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo ya Kericho, na mhudumu anapaswa kujua namna ya kuifunga na kuihifadhi ili ifike ikiwa bado inaweza kusomeka.

Kuna pia chanjo ya ndigana kali, nayo chimbuko lake ni Muguga. Si chanjo ya kawaida. Ng'ombe hudungwa vimelea hai vya ugonjwa wenyewe, na wakati huo huo hudungwa oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu mwilini ili ugonjwa usimshinde. Chanjo hiyo huhifadhiwa katika naitrojeni ya maji, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na ikishayeyushwa ni lazima itumike siku hiyo hiyo. Kipimo cha dawa inayoandamana nayo hutegemea uzito wa mnyama. Mhudumu akikadiria uzito kwa macho na kukosea, mtamba aliyekuwa mzima anaweza kuugua ugonjwa ule ule aliochanjiwa. Ndiyo maana kazi hii haifanywi na kila mwenye sindano. Anayeifanya anahitaji mafunzo mahususi, na ng'ombe aliyechanjwa huvikwa hereni sikioni kama alama.

Mkono ndani ya kinywa cha ng'ombe

Mara nyingi mfugaji huita mhudumu akisema ng'ombe amekwama na kitu kooni. Mate yanamtiririka, hawezi kumeza, analia kwa sauti ya ajabu. Mhudumu wa haraka hukunja shati na kuingiza mkono kutafuta kipande cha kiazi au kisunzi cha mahindi. Wakati mwingine kweli ni kiazi. Wakati mwingine ni kichaa cha mbwa, na mate yale ndiyo yenye virusi.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara humuua. Mpango wa kitaifa wa kukomesha vifo vinavyotokana na mbwa ulianza mwaka 2014 na unalenga mwaka 2030, na msingi wake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika kila eneo. Mhudumu aliyehudhuria mafunzo ya karibuni atavaa glavu kabla ya kugusa kinywa, na atauliza kama kuna mbwa asiyejulikana aliyeonekana kijijini wiki zilizopita. Yeye mwenyewe anapaswa kuwa amechanjwa kabla ya kukutana na ugonjwa. Pia atawaambia watu wa nyumba hiyo jambo ambalo bado halijafika kila kijiji, kwamba aliyeumwa au aliyeguswa na mate penye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Kupaka mafuta ya taa au dawa za miti shamba kunachelewesha safari hiyo.

Kimeta nacho hakihitaji maneno mengi. Ng'ombe aliyekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au sehemu za nyuma, hapasuliwi na halirwi. Mbegu za ugonjwa huo hukaa ardhini kwa miaka mingi. Mhudumu mwenye leseni anatakiwa kisheria kutoa taarifa, na siku hizi taarifa za magonjwa hutumwa pia kwa simu kupitia mfumo unaoitwa KABS, ambao maafisa hufundishwa kuutumia.

Maziwa, dawa na usugu

Somo ambalo limebadilika zaidi katika miaka ya karibuni ni matumizi ya viuavijasumu. Zamani mhudumu mzuri alihesabiwa kuwa yule asiyeondoka bila kudunga. Leo anafundishwa kwamba sindano isiyohitajika ni hasara mara tatu. Mfugaji hulipia dawa isiyotibu, mabaki ya dawa huingia katika maziwa na nyama, na vijidudu huzoea dawa hadi hazivitishi tena, vikiwemo vile vinavyoshambulia binadamu.

Chukua ugonjwa wa kiwele, ambao kila mwenye ng'ombe wa maziwa ameuona. Kuna kipimo rahisi cha kufanyia zizini. Maziwa ya kila chuchu hukamuliwa katika sahani yenye vikombe vinne, hutiwa dawa kidogo na kutikiswa. Maziwa yenye ugonjwa huwa mazito kama uji. Hilo huchukua chini ya dakika moja, na huonyesha ni chuchu ipi inayohitaji tiba hata kabla mabonge hayajaonekana. Mhudumu asiyekuwa na sahani hiyo mkobani anaweza kuulizwa kwa upole kwa nini.

Kisha kuna muda wa kusubiri. Kila dawa ina idadi ya siku ambazo maziwa hayafai kunywewa wala kuuzwa, na idadi hiyo imeandikwa kwenye kibandiko. Kuchemsha hakuondoi mabaki hayo kwa namna ya kutegemewa. Maziwa yenye dawa pia huharibu mala, kwa sababu bakteria wanaogandisha maziwa hufa, na chama cha ushirika kikiyagundua kinaweza kumwaga pipa zima lenye maziwa ya majirani. Ni wajibu wa mhudumu kumwambia mfugaji siku hizo kabla ya kuondoka, na ni afadhali aziandike.

Upandishaji wa ng'ombe kwa mbegu, ambao wengi huuita AI, umekuwapo Kenya kwa miongo mingi, na kituo cha Kabete kilianzishwa mwaka 1946. Hata huko mambo yamesonga. Mbegu zilizochaguliwa jinsia, zinazompa mfugaji nafasi ya takriban asilimia 90 ya kupata ndama jike, zina chembe chache mno katika kila mrija zikilinganishwa na mbegu za kawaida. Maana yake ni kwamba kosa dogo la kuyeyusha mrija, au kumpandisha ng'ombe kabla ya wakati, ambalo mbegu za kawaida zingelivumilia, hapa humaanisha fedha nyingi zimepotea na ng'ombe amerudia joto baada ya wiki tatu.

Alama hupatikana wapi, na ni nani anayelipa

Mhudumu hukusanya alama kwa kuhudhuria semina, warsha, makongamano ya vyama vya taaluma, au kozi za mtandaoni, mradi mafunzo hayo yametambuliwa na KVB. Mkutano usiotambuliwa hauhesabiwi, hata ukiwa mzuri namna gani. Mwezi wa Aprili huwa na shughuli nyingi kwa sababu Siku ya Madaktari wa Mifugo Duniani huadhimishwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo.

Kampuni za dawa pia huandaa mafunzo, mara nyingi bila malipo na kwa chakula cha mchana. Kuna mengi ya kujifunza humo. Lakini mhudumu mwangalifu hujua kwamba mada ya siku hiyo kwa kawaida huishia kwenye chupa inayouzwa na aliyelipia chakula.

Kwa wahudumu wa kujitegemea, masomo haya ni mzigo. Siku ya semina ni siku isiyo na malipo ya kazi, na juu yake kuna nauli ya kwenda Kisumu, Nakuru au Nairobi na ada ya leseni yenyewe. Aliyeajiriwa na kaunti angalau ana mshahara. Mafunzo yakiletwa karibu, katika makao makuu ya kaunti ndogo, wahudumu wa Manga na wa Suneka wanaweza kuhudhuria asubuhi na kurudi zizini jioni, na kaunti mbili zilizopakana hivi hazina sababu ya kuyaandaa kila moja peke yake. Kupe hajui mpaka unapopita Keroka.

Mzigo huo ndio sababu bei ya mhudumu mwenye leseni huwa juu kidogo kuliko ya yule anayezunguka na sindano aliyoirithi kwa mjomba. Asiye na leseni halipi ada, hahudhurii semina, na mara nyingi hubeba dawa asizojua zilihifadhiwa wapi. Wengi wao ni watu wema, wanaojulikana na kila mtu kijijini, na hapo ndipo ugumu ulipo. Ni vigumu kumwuliza karatasi jirani uliyekaa naye kanisani.

Namna ya kuuliza

Swali lenyewe si matusi, na mhudumu halali amelizoea. "Daktari, shukrani kwa kufika. Naomba kuiona leseni yako ya mwaka huu kabla hatujaanza." Kinachoangaliwa ni mambo matatu tu: jina linalolingana na kitambulisho, kiwango alichosajiliwa, na mwaka. Leseni ya mwaka jana ni leseni iliyokwisha. Anayesema ameiacha nyumbani anaweza kutajiwa kwamba KVB huweka kumbukumbu za waliosajiliwa, na ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo inaweza kumsaidia mfugaji kuhakikisha.

Kiwango alichosajiliwa kina maana yake. Mwenye cheti, mwenye stashahada na daktari hawana mipaka sawa ya kazi, na mhudumu anayesema "hili ni la daktari, ngoja nimpigie" anafanya kazi yake vizuri. Katika utoaji wa ndama kwa upasuaji, kwa mfano, simu hiyo ndiyo huduma.

Baada ya tiba, mfugaji ana haki ya kuambiwa jina la ugonjwa unaoshukiwa, jina la dawa, kiasi kilichodungwa na siku za kusubiri. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha kuandikia haya yote, pamoja na tarehe, namba ya simu ya mhudumu na namba ya leseni. Mhudumu mwingine akiitwa baadaye atajua alipoanzia mwenzake, na hatadunga dawa ile ile mara ya pili.

Endapo mnyama amekufa baada ya tiba inayotiliwa shaka, chupa na kibandiko chake visitupwe. Namba ya toleo na tarehe ya mwisho ya matumizi ndizo zitakazoonyesha kama tatizo lilikuwa dawa au mkono. Taarifa hupelekwa kwanza katika ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo. Malalamishi kuhusu mwenendo wa mhudumu hupelekwa KVB kwa maandishi, yakiwa na tarehe, mahali, na yale yaliyoandikwa katika daftari. Mzoga nao usichunwe wala kuuzwa kabla afisa hajauona.